Kabla ya kusaini profoma, upeleke mfumo Kondoa kwanza

“Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni afisa rasilimali watu wa SACCOS yenye makao makuu Dodoma mjini na matawi Kondoa, Mpwapwa, Kibaigwa na Manyoni. Tuko wafanyakazi 46: makarani wa fedha, maofisa mikopo, wahasibu, wahudumu na walinzi. Kila mwaka tunawaita wote mjini kwa semina ya siku tatu, na nauli, malazi na posho vimekuwa mzigo. Meneja ameniagiza nitafute programu ya kujifunzia mtandaoni ili semina ipungue. Kampuni moja ya Dar es Salaam imetuletea profoma ya dola 6 kwa mtumiaji kwa mwezi, kifurushi cha chini watumiaji 100, mkataba wa mwaka mmoja. Kijana wetu wa TEHAMA anasema Moodle, programu nyingine ya kujifunzia mtandaoni, ni ya bure na tunataka kupoteza hela. Mwenzangu mwingine anasema kundi la WhatsApp linatosha. Nichague lipi? Naogopa kuiingiza taasisi kwenye gharama halafu watu wasiutumie.”

Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo yenye swali lenyewe. Umeuliza uchague lipi kati ya matatu, lakini kinachokunyima usingizi ni kwamba hela itatoka, mfumo utawekwa, na baada ya miezi mitatu anayeingia humo utakuwa wewe peke yako. Hofu hiyo ina msingi. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja, na mara nyingi mfumo wenyewe haukuwa na kasoro yoyote.

Siku moja nilikaa nyuma ya kaunta ya tawi la taasisi fulani, wilayani Mpwapwa. Taasisi ilikuwa imeshalipia mfumo mzuri tu, wenye ripoti za rangi na vyeti vya kuchapisha. Nikamwomba karani wa fedha afungue somo la kwanza kwa simu yake mwenyewe, mimi nikiangalia bila kumsaidia. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, wateja wamepungua. Akaenda kupakua programu, simu ikamwambia nafasi imejaa. Akaanza kufuta picha, anaitazama moja kwanza ndipo anaifuta. Nyingi zilikuwa za mtoto wake. Programu ikaingia, ikadai neno la siri. Hakulikumbuka. Akabonyeza pale pa kuomba jipya, na linki ikatumwa kwenye barua pepe ya ofisi ambayo hajawahi kuifungua tangu aajiriwe. Dakika 25 zilikuwa zimeshakwenda. Akaingia mama mmoja na kitabu chake cha akiba, na simu ikarudi kwenye droo.

Kwenye ripoti ya makao makuu, yule dada aliandikwa “hajaanza”. Bosi akisoma hapo anaelewa kwamba mtu ni mvivu.

Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kulinganisha bei na sifa, uweke mbele yako sura ya mfanyakazi wako wa tawi la mbali kabisa, mwenye simu ya kawaida, saa ya jioni, mtandao wa kuvizia. Mfumo atakaoufungua huyo ndio mfumo wenu. Wa mjini wataufungua wowote.

Sasa tuje kwenye profoma. Dola 6 mara watu 46 mara miezi 12 ni dola 3,312, na nahisi hiyo ndiyo hesabu aliyonayo meneja kichwani. Lakini kifurushi cha chini ni watu 100, kwa hiyo mtalipa 7,200 hata mkibaki 20. Ukiigawa kwa watu mlio nao, kila mmoja anawagharimu zaidi ya dola 156 kwa mwaka badala ya 72. Halafu kuna hili la dola. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 28, 2025 zinakataza bidhaa na huduma za hapa nchini kupangiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kampuni ya Dar inayowauzia ninyi wa Dodoma iwaandikie profoma ya shilingi, tena ioneshe wazi kama kodi imo au bado. Waulize pia “mtumiaji” kwao ni nani: kila aliyesajiliwa, au aliyeingia mwezi huo tu? Na karani akiacha kazi Juni, nafasi yake anaichukua mpya au mnanunua nyingine? Muuzaji mwaminifu hasumbuki na maswali haya.

Kijana wenu wa TEHAMA hajasema uongo. Moodle iliasisiwa na Martin Dougiamas huko Australia, toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2002, na mpaka leo yeyote anaruhusiwa kuipakua, kuitumia na kuibadilisha bila kulipia leseni. Ila bure hiyo inaishia kwenye leseni. Ni kama kupewa kiwanja cha bure kule Iyumbu: hati unayo, lakini nyumba, maji na mlinzi ni juu yako. Seva, yaani kompyuta ya kuubeba mfumo, mtailipia kila mwezi au kila mwaka. Jina la tovuti mtalilipia. Lazima awepo mtu wa kusasisha mfumo matoleo mapya yanapotoka, maana matoleo ya zamani yana matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanayajua. Lazima awepo wa kuchukua nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya mfumo na masomo, na zaidi ya hapo, wa kujaribu kuirejesha hiyo nakala kabla ya siku ya balaa.

Nikupe mfano mdogo wa aina ya kazi iliyofichika humo. Ndani ya Moodle kuna shughuli inayoitwa kroni, inayotakiwa kuamka yenyewe kwenye seva kila dakika ili itume vikumbusho na kukamilisha kazi za nyuma ya pazia. Fundi akisahau kuiwasha, tovuti inafunguka vizuri, masomo yanaonekana, kila mtu anapongeza. Wiki ya pili unashangaa mbona hakuna aliyepata barua pepe ya kukumbushwa. Si jambo gumu kurekebisha, ni la dakika chache, ila linahitaji mtu anayejua pa kutazama. Muulize kijana wenu, kwa upole na mbele ya meneja, kama kazi hii itakuwa sehemu ya majukumu yake ya kuandikwa, au ni msaada atakaoutoa akipata nafasi. Jibu lake litakusaidia kuliko makala nyingi za mtandaoni.

Kuhusu WhatsApp, mwenzako yuko sahihi kwa nusu. Kila mtu anayo, kila mtu anaijua, na ujumbe unafika hata mtandao ukiwa hafifu. Lakini somo la Jumatatu linazikwa na pongezi za harusi za Jumanne, na siku mkaguzi akikuuliza ni makarani gani wamefundishwa kutambua noti bandia na lini, huna cha kumwonesha. Iacheni WhatsApp iwe kengele ya kuwaita watu darasani.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawaligusi na ambalo kwangu lina uzito kuliko bei. Kwa nini semina ya siku tatu haiwasaidii sana, na kwa nini kuhamishia zile slaidi mtandaoni hakutawasaidia zaidi? Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza inapotea mapema, kisha kasi ya kusahau inapungua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wakalinganisha wanafunzi waliolisoma andiko tena na tena na wale waliolisoma kisha wakajaribu kulikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka ndio waliobakiwa na mengi zaidi.

Maana yake kwenu ni hii: kitendo chenyewe cha kulitafuta jibu kichwani ndicho kinachoshikisha somo. Mtu aliyetazama video ya dakika 40 akitikisa kichwa anajiona amejua, na wiki ijayo yuko palepale. Mtu anayepata maswali matano kila Jumatatu asubuhi, kwa wiki nane, anapambana nayo, anakosea, anaelezwa alipokosea, huyo atakuwa na kitu mkononi siku mteja akisimama mbele yake.

Lakini maswali gani? Swali kama “Mdhamini ni nani?” halifai, maana mtu anaweza kulijibu kwa kukariri na bado akapitisha mkopo mbaya. Andika hivi: mwanachama ana akiba ya shilingi 800,000, anaomba mkopo wa shilingi 2,000,000 kwa kilimo cha alizeti. Mdhamini wake wa pili ameshawadhamini wanachama wengine wawili, na mmoja wao amechelewesha marejesho kwa miezi miwili. Unafanya nini kabla ya kuijaza fomu? Weka majibu manne yanayofanana na yale ambayo maofisa wenu huyatoa kweli, likiwemo lile kosa wanalolirudia kila msimu. Anayechagua kosa hilo aoneshwe hapohapo kifungu cha sera yenu ya mikopo na sababu yake. Moodle inafanya hivyo, mifumo mingi ya kulipia inafanya hivyo, hata fomu za Google ukiziweka kama jaribio zinaweza kumpa mtu maelezo kwa jibu alilokosea. Ugumu uko kwenye kuliandika swali, na hakuna muuzaji atakayekuandikia. Tafuta afisa mikopo wako mzoefu, mpunguzie kazi siku mbili, kaa naye na majalada ya mikopo iliyowasumbua.

Nikisema majalada, angalizo: ondoa majina, namba za simu na namba za uanachama kabla hujaiweka hadithi yoyote kwenye somo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawahusu wanachama wenu, na inawahusu pia wafanyakazi wenyewe. Jina, namba ya simu na alama alizopata mtu kwenye jaribio ni taarifa zake binafsi. Muulize muuzaji seva zake ziko nchi gani, nani anazifikia, na mkataba ukiisha taarifa zinafutwa lini. Zikiwa nje ya nchi, sheria ina masharti ya kuzisafirisha, na hapo mshirikishe mwanasheria wenu kabla ya kusaini.

Turudi kwa yule karani wa tawi la mbali na bando lake. Video ya kawaida ya simu, kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, inakula takriban megabaiti 75 kwa dakika kumi. Kozi yenye video 12 za namna hiyo ni megabaiti 900 kwa kila mtu. Ukitoa somo hilohilo kwa sauti peke yake, iliyobanwa vizuri kwa kilobiti 32 kwa sekunde, dakika kumi ni kama megabaiti 2.4. Picha tatu za fomu na maandishi ya ukurasa mmoja huenda zisizidi megabaiti moja ukizipunguza ukubwa. Mimi nisingeweka video ila pale ambapo macho lazima yaone mkono ukifanya kazi, kwa mfano namna ya kuikagua noti. Mengine yote sauti na maandishi.

Na bando hilo alipe nani? Kama mafunzo ni ya kazi, mwajiri atoe bando na muda. Nimeona ofisi zinazowatumia watu somo saa mbili usiku na kutegemea walisome kwa hela yao, kisha zinalalamika kwamba hawana mwamko. Panga nusu saa ya kazi kwa wiki, iandikwe kwenye ratiba ya tawi, na msimamizi wa tawi ailinde. Kwa walinzi na wahudumu ambao huenda hawana simu janja, tableti moja ya tawi inatosha, kila mtu akiingia kwa akaunti yake.

Kuna sifa moja ambayo ningeidai kwa nguvu zote: kusoma bila mtandao. Mtu apakue somo akiwa mahali penye mtandao, alisome popote, ajibu maswali, na majibu yapande yenyewe atakapopata mtandao tena. Programu ya simu ya Moodle inaruhusu hilo, hata majaribio, mradi mwandaaji awe ameruhusu kwenye mipangilio. Fahamu tu kwamba mpango wake wa bure una ukomo wa kozi ambazo mtu anaweza kuzipakua na wa simu zinazopokea arifa, hivyo soma masharti yake ya sasa kwanza. Ile kampuni ya Dar ikikwambia “inawezekana”, mwambie aweke simu yake kwenye hali ya ndege hapo mezani akuoneshe.

Jambo la mwisho la kulichunguza ni siku ya kuachana. Kuna namna ya kufungasha masomo inayoitwa SCORM, iliyotokana na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo lake la 1.2 la mwaka 2001 bado linapokelewa na mifumo mingi. Gunia lililojazwa na kushonwa kwa kipimo linapokelewa sokoni Kibaigwa leo na soko lingine kesho. Somo lililofungashwa kwa SCORM nalo linahama hivyohivyo. Mkiandika masomo yenu yote ndani ya kihariri cha muuzaji, yaani sehemu ya kuandikia masomo kwenye mfumo wake, ambacho hakitoi kitu nje, kazi ya mwaka mzima inabaki kwake mkataba ukiisha. Kumbuka pia kwamba SCORM inabeba somo, haibebi alama za watu. Alama na tarehe zidai kwenye faili la kawaida la Excel, na uzipakue kila robo mwaka uzihifadhi kwenu.

Sasa unataka nikwambie uchague lipi. Ningekuwa kwenye kiti chako, profoma hiyo nisingeisaini kama ilivyo. Watu 46 ni wachache mno kwa kifurushi cha 100, na bado hamna hata somo moja la kuweka ndani. Ningeandika kozi moja tu, ya kosa linalowagharimu hela nyingi zaidi, pengine hilo la wadhamini. Ningeiendesha kwa wiki nane kwa fomu za Google, WhatsApp ikiwa ya kukumbusha. Haitapendeza machoni, na kukusanya alama kutakuchosha, lakini utajua watu wenu wanakwamia wapi. Baada ya hapo ningekwenda kwenye Moodle, ila isiwe juu ya mgongo wa kijana mmoja: tafuteni kampuni ya kuwawekea na kuitunza kwa ada ya mwaka, au mtumie huduma ya Moodle wenyewe ya kuikodi ikiwa tayari kwenye seva zao. Kiolesura cha Kiswahili, yaani maneno ya vitufe na menyu kwenye skrini, kipo, japo utakuta maneno mengine bado ni ya Kiingereza. Masomo yenyewe mtayaandika kwa Kiswahili chenu.

Mfumo wa kulipia nao una mahali pake. Kama hamna kabisa mtu wa TEHAMA wa kutegemea, na kampuni ikakubali kuwatoza kwa watu 46 kwa shilingi, huduma yao ya simu mtu akikwama inaweza kuwa na thamani kuliko yote niliyoyasema kuhusu Moodle. Msione aibu kuchagua hivyo. (Kama anayesoma hapa yuko taasisi ya umma, aanze na Mamlaka ya Serikali Mtandao, makao makuu yake yako hapahapa Dodoma, kabla ya kuongea na muuzaji yeyote.)

Lolote mtakalochagua, lijaribuni Kondoa wiki mbili kabla ya kusaini. Ni zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini, huwezi kwenda kumshikia mtu simu kila akikwama, na ndiyo maana panafaa. Muuzaji awape akaunti tano za majaribio. Wapeni watu watano wa tawi lile, akiwemo mlinzi na akiwemo mtu asiyependa kompyuta, somo moja la kweli. Usiwape maelekezo zaidi ya yale ambayo muuzaji anayatoa. Siku ya kumi na nne wapigie mmoja mmoja uwaulize walikwamia wapi, walitumia bando kiasi gani, na uwaulize lile swali la mdhamini kwa mdomo. Wawili tu wakiwa wamefika mwisho, usimlaumu mtu; mrudishie muuzaji orodha ya walipokwama uone anafanya nini.

Semina msiifute yote. Kuzima moto kwa mtungi hakufundishwi kwa simu, iteni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji watu waushike mtungi kwa mikono yao. Kumtuliza mwanachama aliyefura kwenye kaunta nako kunataka watu wawili wasimame waigize, wengine waseme. Siku moja badala ya tatu huenda ikatosha. Na kama uongozi unakusudia kutumia alama za majaribio kwenye kupandisha vyeo au kuchukua hatua za nidhamu, msianze kabla ya kukaa na mwanasheria wa kazi ana kwa ana, na wafanyakazi waambiwe mapema.

Fundi atakayewawekea mfumo, awe wa ndani au wa kampuni, mtafute wa kuonana naye uso kwa uso angalau siku ya makabidhiano. Siku hiyo aingie mbele yako kama msimamizi mkuu, akutengenezee na wewe akaunti yenye mamlaka hayohayo, arejeshe nakala rudufu ya jana ukiona kwa macho yako, kisha neno la siri liandikwe, liwekwe kwenye bahasha, na bahasha iingie kwenye sefu ya ofisi. Malipo yake ya mwisho yafuate baada ya hapo.